Milango ya Mizinga ya Ndolo

Watu wa upande wa Nguni walimsema Kavata mpaka wakachoka wenyewe. Mwanamke mzima, mjane, mwimbaji wa kanisa, ana shamba, ana kuku, ana wajukuu, lakini siku nyingine akiamka anajifunga leso kiunoni, anachukua panga na kibuyu cha maji, anaingia porini peke yake. Hatafuti kuni. Hafuati mbuzi aliyepotea. Anatembea tu. Anataka kuona nyuma ya kichaka kile kuna nini, na akishaona anataka kuona nyuma ya kingine. Waliodai ni mchawi walikosa ushahidi. Waliodai ni kichaa walijaribu kupatana naye bei ya kunde sokoni Mwingi, wakarudi wamenyamaza.

Kama ulikuwa ugonjwa, basi aliurithi. Baba yake, mzee Ndolo, alikuwa mfuga nyuki, na kwa kuwa wanawe wa kiume walichelewa kuzaliwa, msichana huyu ndiye aliyemfuata porini akibeba kinga cha moto na chombo cha asali. Mizinga ya Ndolo ilikuwa magogo yaliyochongwa yakawa matupu ndani, na kila mmoja aliuchoma kwa chuma cha moto alama ya ukoo wake, duara moja na mikato miwili, ili mwizi ajue anamwibia nani. Hilo wenye mizinga wote wa Ukambani hulifanya. Lakini Ndolo alikuwa na lake zaidi. Kila mzinga aliotundika, popote pale, mlango wake aliuelekeza nyumbani kwake. Wenzake walimcheka, wakamwambia nyuki hajali mlango unatazama wapi. Naye akawajibu kwamba hakuuelekeza kwa ajili ya nyuki.

"Ukipotea," alimwambia Kavata, "tafuta mzinga wangu. Simama chini yake, angalia mlango unatazama wapi, uende huko huko. Utanikuta nimekaa nakungoja."

Tangu siku hiyo Kavata hakuliogopa pori. Alikua, akaolewa na Kisilu, mtu mpole aliyejua kwamba amemwoa pamoja na miguu yake na hakupoteza pumzi kuuliza anakokwenda. Walizaa mabinti wawili, mmoja ameolewa Mwingi na mwingine Kabati, na mvulana mmoja, Mutunga. Ndolo akafa. Kisilu naye akafa, mwaka mmoja kabla ya ile njaa kubwa ya themanini na nne. Kiu ya Kavata ya kutembea haikufa na mtu yeyote.

Sasa huyo Mutunga. Mungu naye ana mzaha wake. Mwanamke asiyeogopa kitu alizaa mtoto aliyeogopa kila kitu: radi, mbwa, malori ya barabara ya Garissa, hata jogoo mmoja mwekundu ambaye ilibidi achinjwe. Mara nyingi, alipokuwa mdogo, Kavata alirudi kutoka porini jua likitua na kumkuta amesimama langoni, mikono imeshika boriti, macho yamemtoka. Akamkemea. Akamwambia aende akacheze na wenzake, asimame kama mwanamume. Ukweli ni kwamba alimwonea haya kidogo, na mtoto ni mjanja wa kujua hilo hata usipolitamka.

Mutunga alikua, akaoa, akapata watoto, akairithi mizinga ya babu yake, maana wajomba zake hawakuitaka, na woga wake hakuuacha popote. Mwaka wa themanini na sita, mvua zikiwa zimerudi na pori limeanza kusimama tena, Kavata naye akaanza tena safari zake za mbali. Jioni moja Mutunga alimngoja amalize kula muthokoi, akamwambia lililokuwa moyoni.

"Mwaitu, mama yangu, mimi siwezi haya maneno tena. Siku nitakuja kukutafuta huko, hiyo ndiyo siku ya mwisho. Utakaa nyumbani kama mama za watu. Wazee walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Hao hao wazee walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure," Kavata akamjibu. "Lakini sawa. Siku utakuja kunitafuta, nitakaa. Utangoja sana hiyo siku."

Akacheka. Mutunga hakucheka, na mkataba ukawa umefungwa.

Ikafika Julai, katikati ya miezi ile ya ukavu ambapo mawingu hukaa juu kutwa nzima na hayana nia ya kunyesha. Kavata alichukua kibuyu kikubwa, akatoka alfajiri kuelekea mashariki, kwenye kilima kiitwacho Kwa Mbiti kwa sababu ya fisi wake. Upande wa mbele wa kilima aliujua jiwe kwa jiwe. Upande wa nyuma hakuwahi kuufikia, na tangu alipokuwa msichana jambo hilo lilimwasha.

Njiani alikutana na Abdow, mfugaji kutoka upande wa Garissa aliyekuwa akiwarudisha mbuzi wake haraka haraka kuelekea barabarani. Walijuana kwa kuonana tu. Abdow alisimama, akamwonyesha kilima kwa fimbo.

"Mama, leo huko usiende. Kuna maji nyuma ya hiyo mlima, chini ya mawe. Simba iko hapo. Imechukua mbuzi yangu juzi, na jana tena."

Kavata akamshukuru, akamwambia hana haja na maji, anayo yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Alisubiri mbuzi wote wapite, kisha akaendelea na safari, na nisikudanganye, moyo wake ulikuwa unaimba.

Na asubuhi ilimlipa vizuri. Alizunguka bega la kilima, akapita kati ya mawe mawili yaliyoegemeana, akatokea mahali ambapo jicho lake halikuwahi kufika. Bonde lote lilikuwa chini yake, limejaa migunga na miti ya mukau, na mbali zaidi mwamba mwekundu umesimama peke yake. Akakaa, akala viazi vitamu vyake, akasema kwa sauti kwamba Bwana asifiwe. Akashuka bondeni ili auone mwamba ule kwa karibu.

Nyati alikuwa amelala kichakani. Mzee, peke yake, aina ile iliyofukuzwa na kundi na kuamua kumchukia kila mtu. Kavata hakumwona. Alisikia pumzi tu, halafu kichaka kikafunguka. Alikimbia bila kujua anakimbilia wapi, miiba ikichana leso na mikono, kwato zikipiga ardhi nyuma yake, mpaka akajirusha kwenye mti wenye matawi ya chini na kupanda kama mtoto. Nyati alipita, akarudi, akasimama chini ya mti. Alisimama hapo sana. Akaukanyaga mfuko wa viazi vilivyobaki na kile kibuyu kikubwa, alivyokuwa ameviangusha, vikawa vumbi na vigae, kisha akaondoka taratibu kana kwamba hakuna lililotokea.

Kavata alikaa juu ya mti mpaka miguu ikafa ganzi. Aliposhuka, alitazama huku na huku na kugundua kwamba kilima hakionekani. Miti ilikuwa imemfunika pande zote. Alitazama juu alitafute jua, akaona wingu moja la kijivu kutoka ncha hadi ncha. Akajaribu kufuata nyayo zake, lakini zake na za nyati zilikuwa zimezungukana mpaka hujui nani alimkimbiza nani.

Alitembea. Akarudi. Akatembea tena, na akajikuta chini ya mti ule ule wenye vigae vya kibuyu chake. Hapo ndipo woga ulipomwingia, na kwa kuwa ulikuwa mgeni haujui adabu ya nyumba, ulikaa kila mahali kwa wakati mmoja. Ulimi ulikauka. Masikio yakaanza kusikia pumzi katika kila kichaka. Akafikiri juu ya simba wa Abdow. Akafikiri juu ya Mutunga, ambaye jua likitua atawaita majirani, watakuja na tochi na nyuta, na wakimpata hai, miguu yake itafungwa nyumbani mpaka siku ya kufa. Hakujua ni lipi alilokuwa analiogopa zaidi, na hilo lilimtisha pia.

Ndipo akauona mzinga.

Ulikuwa umening'inia juu ya mgunga mkubwa, gogo kuukuu limegeuka jeusi. Akasogea, akainua macho, akaiona alama ile, duara na mikato miwili. Kavata alishika shina la mti kwa mikono yote miwili na kulia kwa sauti. Baba yake alifika hata huku. Yeye aliyejidhani wa kwanza kuliona bonde hili, kumbe mzee alishapita. Akafuta machozi kwa leso iliyochanika, akasimama chini ya mzinga, akaangalia mlango unatazama wapi, akaenda huko.

Hakwenda mbali akaona mwingine, alama ile ile, mlango ukitazama kule kule. Akatembea kwa haraka. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kumwambia Mutunga kuhusu leso, kwamba ilinaswa na mwiba tu. Lakini alipoupita mzinga wa pili, miguu yake ikaanza kumwambia jambo. Mtu anayerudi nyumbani kutoka nyuma ya Kwa Mbiti lazima apande, maana kilima kiko katikati. Yeye alikuwa anashuka. Udongo mwekundu uliisha, yakaja mawe meusi. Miti ikawa mirefu na ya kijani. Mwanga nao ulikuwa unapungua.

Akasimama. Miguu ilisema hapana, mizinga ilisema ndiyo, na katika maisha yake yote hakuna kati ya hivyo viwili kilichowahi kumdanganya. Nani amwamini? Akamwamini baba yake. Akashuka tena, na kila hatua ilikuwa nzito kuliko ile iliyotangulia, kwa sababu maneno ya mzee yalikuwa yamemrudia, na safari hii hayakumfariji. Utanikuta nimekaa nakungoja.

Ndolo alikuwa kaburini. Mtu aliyekufa anakungojea wapi?

Kavata alikuwa Mkristo wa ukweli, aliyebatizwa mtoni mbele ya watu. Lakini kabla ya mto ule alikuwa amelelewa na bibi aliyewamiminia aimu, roho za waliotangulia, pombe kidogo chini kabla ya kunywa yake. Mambo ya bibi hukaa chini kabisa ya moyo, na siku moyo ukitikiswa ndiyo yanayopanda juu. Akaona wazi kwamba mzee amechoka kukaa peke yake, ameigeuza mizinga yake kwa mkono usioonekana, na anamwita binti yake mpendwa aje. Akaanza kusema Bwana ndiye mchungaji wangu, akafika kwenye bonde la uvuli wa mauti, akashindwa kuendelea.

Mzinga wa tatu ulikuwa kwenye tawi la chini, karibu na uso wake. Akaunyooshea mkono, akitaka kumwomba baba yake amwache. Kidole chake kikagusa waya.

Ulikuwa waya wa kufungia ua, ungali unang'aa, haujashika kutu. Ndolo alitundika kwa kamba za maganda ya miti maisha yake yote, na maiti hawaendi dukani. Kwa hivyo aliyeigeuza mizinga hii alikuwa mtu hai. Unaweza kudhani hapo Kavata alipumua. La. Aimu angeweza kuwasihi, lakini mtu hai anayehamisha mizinga ya ukoo wa watu, kuileta mahali pasipo na mtu na kuielekeza bondeni, huyo alitaka nini? Alizisikia habari za majangili waliokuwa wakiua ndovu na kuua pia waliowaona. Akalichomoa panga.

Kisha upepo ukageuka, ukamletea harufu ya maji. Na nyuma ya harufu ya maji, moshi.

Kiu ilimsukuma, woga ukamvuta, na kiu ina nguvu kuliko unavyodhani. Alitambaa kati ya mawe meusi, panga mkononi, akisikiliza simba kulia na jangili kushoto. Mbali kidogo fisi alicheka, mwingine akamjibu. Akachungulia. Chini ya jabali jeusi palikuwa na dimbwi la maji meusi yaliyotulia. Kando yake moto mdogo. Na kando ya moto, juu ya jiwe, mtu ameketi, mgongo kwake, mabega yamepanda juu mpaka masikioni.

Utanikuta nimekaa nakungoja. Panga likamponyoka, likagonga jiwe.

Mtu yule aliruka akapiga ukelele, akageuka na uta wake, mshale ukatetemeka kwenye kamba kwa namna ambayo usingempiga hata ndovu aliyelala. Alikuwa Mutunga.

Walitazamana hivyo, mama amepiga magoti, mwana ameelekeza mshale mbinguni. Kisha Mutunga akatupa uta, akaja akamshika, akampeleka kwenye maji. Kavata alikunywa mpaka tumbo likamuuma. Aliponyanyua uso, jambo la kwanza aliloliwaza ni mkataba, na akalisema mwenyewe kabla hajaambiwa.

"Umekuja kunitafuta. Basi. Imekwisha."

"Sikuja kukutafuta," Mutunga alisema. Mikono alikuwa ameificha kwapani. "Nimekuja kuogopa. Nyumbani siwezi kuogopa vizuri, watoto wananiangalia."

Kavata hakuelewa, na Mutunga akamweleza kidogo kidogo, akitazama moto. Kwamba akimwona mama yake amechukua kibuyu kidogo, hujua anakwenda mtoni tu, naye hukaa nyumbani. Akiona kibuyu kikubwa, hujua ni Kwa Mbiti. Huwaambia wa nyumbani anakwenda kuangalia nyuki, hupita njia ya kaskazini, huja hapa na kukaa mpaka jua linapotaka kutua, kisha hukimbia kurudi ili mama asimkute ametoka. Leo jua lilitua, na miguu yake ikakataa kuondoka. Na mizinga ni yeye aliyeihamisha, wakati wa ile njaa, nyuki walipokimbia na miti ya mbele ikakatwa makaa.

"Mzee aliielekeza nyumbani," Kavata alisema.

"Najua. Wewe ndiye uliniambia. Lakini mtu amepotea na hana maji, hiyo nyumbani atafikaje? Nikasema afike kwa maji kwanza."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa," Mutunga akasema.

Kavata akamtazama. Huyu ndiye aliyechinjiwa jogoo. Na alikuwa ameketi peke yake kwenye maji ya simba, na nyayo za simba zilikuwa pale pale kwenye tope, mwanga wa moto ukiziangaza, pana kuliko kiganja. Akamuuliza kama ameziona. Mutunga akasema ameziona tangu juzi ile nyingine. Kavata akamuuliza ameanza lini mambo haya ya kungoja.

"Tangu zamani, mwaitu. Nikiwa mdogo nilikuwa naogopea pale kwa lango. Sasa naogopea hapa."

Ndipo likamchoma. Miaka yote hiyo alijisifu kwamba hana woga. Kumbe alikuwa nao kama watu wote, ila alikuwa anauacha langoni kila anapotoka, na mtoto mdogo akaushika, akaubeba, akazeeka nao. Yeye ameubeba alasiri moja na umeshamvunja mgongo. Alitaka kumwomba msamaha, lakini maneno yalikuwa makubwa. Akamtoa mikono kwapani, akaishika. Waliongeza kuni, wakaketi wamegusana mabega mpaka kulipokucha, na simba alinguruma mara moja upande wa pili wa maji, na wote wawili wakaogopa pamoja.

Kavata hakutoka tena mpaka mvua zilipokaribia. Watu wakasema miguu imechoka. Mutunga alimwona mama yake akisimama langoni asubuhi, ameshika boriti, akitazama mashariki. Kisha siku moja Kavata akachukua kibuyu kikubwa, akaenda mpaka mlangoni kwa mwanawe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nakwenda nyuma ya Kwa Mbiti," akasema. "Kuna mwamba mwekundu sijaufikia. Twende mpaka kwa maji. Uniogopee hapo, mimi niende."

Wakatoka. Mara ya kwanza maishani Kavata alisikia nyayo za mtu nyuma yake porini, na zilimkera, na akaziacha zimfuate. Kwenye dimbwi Mutunga alikaa juu ya jiwe lake, uta mapajani, mabega yakaanza kupanda. Kavata akamwonyesha kwa mkono njia atakayoifuata na mahali jua litakapokuwa atakaporudi. Mutunga akaitika kwa kichwa.

Akaenda. Mwamba ulikuwa mzuri kuliko alivyouota, una mstari mweupe katikati na ndege wamejenga katika kila upenyo, na nyuma yake lilionekana bonde jingine, pana, la kijani, lisilo na njia hata moja. Zamani angeshuka. Alisimama akalitazama, mkono juu ya macho. Halafu akageuka, akatafuta kati ya miti mahali dimbwi lilipo, hakuweza kumwona mwanawe, akafikiri juu ya zile nyayo kwenye tope. Akaanza kurudi kabla ya wakati, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia.